Nani Aliyebana Maji ya Kisima Changu

Ninyi mliokulia ng'ambo ya mto Rusizi kama mimi, kwenye vilima vya Bukavu, hamhitaji kuelezwa bidoni la njano, lile dumu la maji, lilikuwa na cheo gani nyumbani. Kulipopambazuka, mabidoni yetu yalikuwa tayari kwenye foleni ya robine, bomba la mtaa, na asiye na bidoni la pili aliweka jiwe kushika nafasi, na jiwe lake liliheshimiwa kama mtu mzima. Maji yalitoka membamba kama uzi wa kushonea. Bidoni moja likisubiri kujaa, wavulana tulimaliza nusu nzima ya mpira wa majani ya migomba, wasichana waliruka kamba mpaka vumbi likawafika magotini, na bado maji hayajafika shingoni. Kisha tulipanda kilima, mzigo kichwani, maji yakituchuruzikia mgongoni. Ndiyo maana kizazi chetu kina shingo imara. Shingo za vijana wa leo zimezoea kuinamia simu tu.

Nyumbani, Maman alikuwa serikali ya maji. Maji yaliyoosha sombe, majani ya muhogo, yaliosha sufuria, yaliyoosha sufuria yaliosha miguu yetu, na ya miguu yalimwagwa kwenye mche wa pilipili nyuma ya jiko. Pilipili ile ilikuwa kali ajabu. Baba alisema inatulipizia kisasi. Na ukimwaga hata kikombe kimoja, ulisikia sauti ya Maman kutoka ndani: "Mwaga tu. Kesho mutakunywa mate."

Mimi nilivuka mpaka kurudi Rwanda na begi moja na diploma ya A2, ya sekondari, ya umeme na mashine. Sikurithi hata tofali. Leo nina nyumba Nyakarenzo, nina kisima ambacho nilisimamia uchimbaji wake, pampu iliyozama chini, tangi la presha, chujio, na mabomba yanayofika jikoni na bafuni. Yote niliyafunga kwa mikono hii, na hakuna kiungo kinachovuja. Maman naye nilimleta akae nasi, apumzike.

Kiangazi hiki jirani yangu Mzee Anastase na shemeji yake waliniambia watakuja Jumamosi kuutazama mfumo wangu. Wakiridhika, nitawafungia na wao. Wakicheka, kilima kizima kitacheka. Na ni wiki hiyohiyo maji yalipopungua. Mke wangu, Mama Divin, alitoka bafuni na povu kichwani.

"Papa Divin, hii maji inakuja ao inaaga?"

"Nitaitengeneza."

"Tuite fundi wa mjini Kamembe mbele ya Jumamosi. Bantu banakuja."

Kuita fundi katika nyumba ya fundi. Ningeitundika wapi diploma yangu baada ya hapo?

Nilikwenda kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Kwanza nilisoma kipimo cha presha kwenye tangi. Mshale ulipanda vizuri, pampu ikajizima panapotakiwa, na presha iliposhuka ikajiwasha yenyewe. Basi kisima na pampu havikuwa na ugonjwa. Nikakata umeme, nikamwaga maji yote ya tangi, nikapima upepo wake kwa kipimo cha matairi. Wengi hawajui kwamba maji husukumwa na upepo uliofungiwa ndani ya tangi. Tangi lisilo na upepo ni kama mpira uliotoboka, upige utakavyo hauendi mbali. Upepo wangu ulikuwa barabara, chini kidogo tu ya presha inayowasha pampu. Nikafungua chujio, nikakuta tope la rangi ya chai. Nikaweka chujio jipya, nikarudisha umeme, tangi likajaa, nikajipangusa mikono kama daktari, nikafungua robine ya jikoni. Ukatoka uzi uleule wa Bukavu.

Ilibaki vana, ile robine kubwa yenye gurudumu inayofunga maji ya nyumba nzima. Iko baada ya chujio, ndani ya kisanduku cha saruji. Niliiacha wazi kabisa siku ya kwanza, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuishuku. Nilipolijaribu gurudumu upande wa kufunga, likagota papo hapo. Mtu alikuwa ameifunga, akaacha upenyo mdogo tu.

"Nani aligusa huku?"

Maman alikuwa mkekani akimenya maharage. Hakuinua kichwa.

"Ni mimi. Kwani kuna nini?"

"Maman, maji haifike bafuni."

"Inafika. Inafika polepole. Batoto bako banasimama chini ya maji banaimba. Wimbo muzima, mutoto wangu. Kisima kikikauka, tutakunywa diplome?"

Mama Divin alicheka mpaka akaegemea mlango. Mimi nilikuwa naiwaza Jumamosi. Kuifungua vana ni kazi ya kiganja kimoja, lakini nilimjua mama yangu. Angesubiri nigeuke, aifunge tena. Na hofu yake haikuwa ya kuchekwa, maana ndiyo iliyotulea.

Basi nikafungua kifuniko cha kisima, nikafunga jiwe kwenye kamba, nikalishusha kando ya bomba mpaka likagusa chini. Nikalivuta, nikampa Maman sehemu ya kamba iliyolowa. Akaipima kwa mkono, kuanzia ncha za vidole mpaka begani, tena na tena, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudia, kwa kuwa hakuniamini.

"Hii yote ni maji?"

"Yote, Maman. Na hii ni kiangazi."

Akaitazama ile kamba muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya ndugu.

"Basi fungua. Lakini hao baimbaji, ubaambie baimbe wimbo mufupi."

Jumamosi Mzee Anastase alifungua robine ya jikoni kwa nguvu zote, kama mtu asiyetarajia kitu. Maji yakapiga sinki yakamrukia shati. Akajifuta uso taratibu.

"Papa Divin, utaanza kwangu ao kwa shemeji?"

Nikamjibu kwamba diploma haichagui pa kuanzia.

Sisi tuliyajua maji kwa uzito wake kichwani. Watoto wangu wanayajua kwa mlio wake ndani ya ukuta. Siwalaumu, niliyavuta mpaka hapa ili wasiyabebe. Lakini hawataionja ile raha ya bidoni kujaa, jua likitoka upande wa Rwanda, na wenzako nyuma wakikupigia kelele uwapishe. Wao wakioga, maji hukimbia tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi mwenye kisima, nikijipaka sabuni, mkono huenda wenyewe ukafunga robine. Nyumba hunyamaza, na kila mara mwanangu Divin hupaza sauti kutoka sebuleni:

"Papa, maji imekatika?"

"Hapana," namjibu. "Niko najisugua."