Mjomba Alivyojibu Maswali ya Dokta

Kaka yangu aliporukwa akili, aliyejibu maswali hospitalini alikuwa mjomba. Kwetu ndivyo ilivyo: ukiumwa, ukioa, ukikamatwa, mjomba ndiye msemaji. Hata kama anaishi Mikindani na hajakanyaga nyumbani kwetu Rahaleo tangu Idi.

Alikalia kiti pekee cha wageni. Kaka kasimama ukutani, anaiambia swichi ya taa iache kumsema.

"Anatumia chochote?" dokta akauliza. "Bangi, pombe, vidonge?"

"Huyu? Hata sigara inamkohoza. Labda uraka kidogo msimu wa mabibo, na uraka si pombe, ni juisi yetu, imechacha tu."

Mama akaangalia sakafu. Dokta akaandika: hatumii. Niliona kwa macho yangu. Mtu ananuka bangi mpaka kwenye nywele, na msomi mzima anaandika hatumii kwa sababu mzee wa baraghashia kamwambia.

Nilijua mjomba anachotaka. Alishaongea na mganga mmoja kijijini, ambako wagonjwa wanafungwa kamba mguuni mpaka jini litoke. Kama hakuna bangi, basi ni jini, na jini halimwaibishi mtu. Mpwa mvuta bangi ndiyo aibu, maana mjomba alikuwa keshampelekea posa kwa watu. Aibu ya kwake, mguu wa kaka.

"Dokta, anavuta," nikasema.

"We mwali, nani kakuita?" Mjomba hakugeuka hata shingo. "Watu wazima wanaongea."

"Watu wazima wanaongopa."

Mama akanifinya, kama nina miaka sita. Dokta ndiyo kwanza akanitazama.

"Kipi kilianza? Kuvuta au kusikia sauti?"

Swali la kuulizwa mwanzoni hilo. Nikamjibu: kuvuta, mwaka jana, maskani ya Chikongola. Sauti zilianza miezi miwili iliyopita. Wiki mbili alizokaa kwa bibi bila kuvuta, zikatulia. Aliporudi maskani, na zenyewe zikarudi. Nilikuwa naandika kila siku kwenye daftari langu, lile lile wanaloliita la umbea.

Dokta akalifuta lile neno hatumii, akaandika upya.

"Naandika imesababishwa na bangi," akasema, "ila siapi. Alazwe, asivute, nimwangalie. Sauti zikiendelea na havuti, nitabadilisha."

Neno la kwanza la akili nililosikia siku ile.

"Na jini je?" mjomba akauliza.

"Jini sina dawa yake, mzee. Kitanda ninacho."

Mjomba akatoka na simu. Tulimsikia koridoni anawaambia wakwe kijana ana malaria, imempanda kichwani. Mwongo hachoki.

Nesi akaleta fomu ya kulazwa, akauliza nani anasaini. Mama akautazama mlango, muda mrefu mpaka nikakaribia kumnyang'anya kalamu. Halafu akasaini mwenyewe, bila kumsubiri mjomba.