Majani ya Kuku na Kikohozi cha Mzee

Kuku wangu wakisikia mtu anakohoa wanakuja mbio. Wageni hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu najua walikojifunzia.

Kwetu mvua ikinyesha usiku, asubuhi bustani imeota upya kama vile haikupaliliwa jana. Mashona nguo, mnafu, mchicha wa porini, vyote vimesimama na maji kichwani. Ukungu bado umelala juu ya migomba, upepo wa bandari ya Itungi unaleta harufu ya ziwa, na ukiinama kung'oa majani huoni miguu yako mwenyewe. Saa hiyo naipenda. Sisemi na mtu. Nang'oa, nakung'uta udongo, nafunga fungu kwa kamba ya mgomba, nalitundika bandani usawa wa shingo ya kuku. Ukiwamwagia chini wanayakanyaga, wanayanyea, halafu wanakutazama kama wewe ndiye mwenye kosa. Yakining'inia wanadonoa jani moja moja, wanaruka kidogo, wanashuka. Ukikaa kuwatazama unasinzia ukiwa macho.

Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Nilipoolewa alinipa tetea mmoja mwenye madoa kama kanga. Nilitoka naye kwetu Ikombe kwa mtumbwi, nimempakata kwenye kikapu, njia nzima anachungulia maji. Uzao wake sikuuacha ukatike. Mama akafariki, uzao ukaendelea. Kisha kideri kikapita, kikafagia banda lote, akabaki mmoja tu wa madoa, na vifaranga saba aliowaangua baadaye. Ungeniuliza mama yangu ameniachia nini duniani, ningekuonyesha kuku huyo.

Msimu huo nilijikata mguu kwa jembe, nikakaa ndani. Kazi ya majani nikampa mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, aliyekuwa na miezi michache tu kwetu.

"Huyu wa madoa asikose," nikamwambia.

"Sawa, mama."

Siku ya tatu nikasikia banda limenyamaza. Nikajikokota hadi nje. Kuku wangu alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, vifaranga wanampanda mgongoni wakidhani anacheza. Fungu la majani lilikuwa juu yake. Nikalinusa. Halikuwa na harufu ya bustani yangu. Nikamwita mkamwana.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Mpakani, mama. Kwenye kakao ya jirani."

"Jirani amepuliza dawa ya magugu."

Akashika mdomo. "Sikujua."

"Bustani iko hapo nyuma ya nyumba. Umeona mbali? Kwenu mnafuga kuku au mnafuga uvivu?"

Akainama, akawaondoa vifaranga mgongoni pa kuku. Nami nikaongeza ambalo halikuhitajika. Nilimwambia kama kazi imemshinda, njia ya kwao anaijua.

Mume wangu akasikia. Alikuwa huko huko bustanini, kwenye kigoda chake, anaota jua kama kila asubuhi. Mkamwana alipokwenda kuleta maji, mzee akaja.

"Mwache binti wa watu," akasema. "Siku tatu hizi namwona. Anafika kwenye kona ya nyumba, ananiona nimekaa, anajifunika khanga, anarudi. Ulitaka apite wapi?"

Nikakaa chini.

Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe, hata njia zao zinaachana. Wengi siku hizi wameacha, lakini huyu alilelewa na bibi yake, akaja nayo yote. Na mimi mwenyewe niliwahi kuzama matope ya mpunga hadi magotini, nimejitwika mtungi, kumkwepa baba mkwe wangu aliyekuwa amesimama njiani. Nilikuwa nimesahau. Na habari ya dawa, jirani alitutangazia Jumapili tulipotoka kanisani. Mimi niliisikia. Sikumwambia.

"Na wewe ukanyamaza siku tatu?" nikamuuliza mzee.

"Ningemwambiaje? Si hatuongei."

Tulimpa kuku maji yenye mkaa uliosagwa, kwenye chungu kidogo. Alikunywa mara mbili. Jua lilipofika juu ya mikakao akafa, kichwa chake kwenye kiganja changu, mwepesi kama ganda la karanga.

Vifaranga mkamwana ndiye aliyewachukua. Aliwaweka kwenye chungu kilichopasuka, akatandika majani makavu ya mgomba, akakisogeza karibu na mafiga. Mchicha wa bustani yangu aliutwanga laini, akauchanganya na pumba, akawalisha kwa ncha ya kidole. Wanne walikufa. Watatu walipona, na mmoja wao akaota manyoya yenye madoa.

Siku nilipoyaona madoa hayo nilimwambia, "Ndaga," asante ya kwetu. Akanijibu, "Ndaga, mama," akaendelea kutwanga. Huyo kuku ni wake tangu siku hiyo, uzao wote ni wake.

Lakini kikohozi kilianza mapema zaidi, asubuhi ile ile iliyofuata kifo cha kuku. Nilikuwa kitandani nikasikia mzee anakohoa kwa nguvu, kikohozi cha mtu asiyeumwa. Kigoda kikaburuzwa hadi mbele ya nyumba. Punde nikasikia majani yanang'olewa. Ikawa hivyo kila siku. Mzee alikuwa anampisha mkamwana. Vifaranga walikua wakijua kwamba baada ya sauti ile majani yanakuja.

Mzee sasa amelala kule chini ya migomba. Kigoda chake kiko bustanini, hakuna aliyekiondoa. Mkamwana wangu ni mtu mzima, ana watoto wakubwa. Ila asubuhi za ukungu anafika kwenye kona ya nyumba na kikapu chake, anasimama. Anajua hakuna mtu. Anasimama tu.

Mimi nakuwa nimekaa mlangoni pa jikoni. Namwacha kidogo, kisha nakohoa. Kuku wanatokea ukunguni, wa madoa mbele, na yeye anapita.