Orodha Mlangoni pa Kalekye

Pale sokoni Kabati, upande wa Kitui, kuna mafundi wa nguo wanane, na saba kati yao ukienda kupunguziwa suruali, utapunguziwa suruali basi. Wa nane ni Kalekye. Kwake utapunguziwa suruali, utaambiwa ni filamu gani inatoka mwezi ujao, na ukiwa na mdomo wa kubisha utaambiwa pia kwa nini ile unayoisifu wewe ni takataka.

Mlangoni pake kuna orodha. Huiandika kila mwisho wa mwezi kwa kalamu nene nyekundu, nyuma ya karatasi ya kalenda ya mwezi uliokwisha, kisha huibana kwa pini zake za kushonea. Juu huandika zile zinazoingia sinema za Nairobi, ambazo hapa karibu hakuna mtu atakayeziona. Chini huandika za nyumbani, yaani zile zitakazofika kwenye duka la muvi karibu na posho mill, kile kinu cha unga, uwekewe kwa flashi ukaangalie na watoto. Zote pamoja hazizidi saba. Kalekye hushikilia kwamba mtu anayekupendekezea filamu ishirini hajakupendekezea hata moja.

Na anachagua vipi, mama ambaye hajawahi kuketi ndani ya sinema hata siku moja? Anachagua kwa nguo. Huangalia treila kwenye simu, vile vipande vya dakika mbili vinavyotolewa kabla filamu yenyewe haijatoka, na sauti huizima kwa sababu anasema sauti ni ya kudanganya watu. Jamaa ametorokea msituni siku tatu na kola bado imesimama? Hiyo haigusi mlango wake. Malkia wa zamani za kale ana zipu mgongoni? Apotelee mbali. Mwaka uliopita aliweka nambari moja filamu ya mpishi wa meli ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia, kwa sababu tu aproni ya yule mpishi ilikuwa na kiraka kilichoshonwa na mtu mwenye haraka. Filamu ilipofika, watu wazima walilia sebuleni mwao. Kabati ikaanza kusema Kalekye ana jicho. Yeye mwenyewe alikuwa ameamini hivyo kitambo.

Lakini orodha bila msikilizaji ni karatasi tu, na msikilizaji wake alikuwa Mutindi. Mutindi anauza ndengu na mbaazi. Kila siku ya soko akishamaliza biashara yake huja kwa Kalekye, huvua viatu mlangoni, viatu vya plastiki vya rangi ya zambarau, huketi kwenye benchi la wateja na kusema, "Haya, niambie." Amefanya hivyo miaka kumi na tisa. Filamu zenyewe haangalii. Kwao runinga ni ya mume na mpira, na yeye macho humuuma. Filamu zote anazozijua alizisikia zikitoka kinywani mwa Kalekye, huku cherehani ikienda. Na kulikuwa na sheria moja pale ndani: mwisho hausemwi mpaka pindo la nguo iliyo kwenye cherehani limekamilika. Kuna wateja waliowahi kukaa saa nzima na nguo zao tayari mkononi, wakingoja pindo la mtu mwingine.

Ndipo akaja Wacuka.

Alikuja mwaka juzi na mumewe, Mathenge, kutoka upande wa Nyeri. Mathenge akafungua duka la mabati na simiti, naye Wacuka akafungua saluni ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na cherehani ya Kalekye. Alikuwa mtu mzuri, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Angekuwa na madharau, Kalekye angemchukia kwa raha zake. Lakini kila asubuhi alivuka kumjulia hali Kalekye, akimwita Mama Kivuva kwa jina la mwanawe, akaleta sketi zake zipunguzwe, akalipa bila kubishana bei. Kisha akatundika runinga kubwa ukutani, akaingiza mtandao, akaanza kuonyesha wateja wake treila. Zilezile. Alikuwa anasoma orodha mlangoni pa Kalekye, anairudia kichwani akivuka barabara, halafu anaiweka ukutani mwake, kubwa kama shuka la kitanda, na sauti juu.

Mara ya kwanza Mutindi alienda kusukwa kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Hilo Kalekye alilielewa, nywele ni nywele. Mara ya pili alienda bila kusukwa. Siku hiyo Kalekye aliinua macho kutoka kwenye cherehani akaona viatu vya zambarau vimepangwa mlangoni pa saluni, na palepale akashona mkono wa blauzi nje ndani. Ikabidi aufumue wote.

Tusizunguke, aliona wivu. Ni wivu wa aina ambayo mtu hawezi kwenda kuombewa kanisani, maana utasema nini mbele ya mchungaji? Kwamba rafiki yako ameketi kwenye kiti cha saluni? Alimtaka Mutindi arudi kwenye benchi lake, basi. Wateja wengine wangeweza kwenda saluni, kwenda Kitui mjini, kwenda popote. Alianza kuhesabu vicheko. Akisikia kicheko cha Mutindi ng'ambo ya barabara alisimamisha mguu juu ya pedali, akajaribu kukisia ni filamu gani imemchekesha, na kama yeye angeisimulia vizuri zaidi.

Mwezi wa Desemba, juu kabisa ya orodha, Kalekye aliandika filamu aliyoingojea miaka miwili. Iliitwa *Unga wa Njano*. Ilikuwa imetengenezwa na vijana wa huku huku Ukambani kuhusu ule mwaka wa njaa ambao watu walipewa unga wa mahindi ya njano. Mwanamume anaondoka nyumbani kutafuta kazi, mke anabaki na watoto. Treila yake Kalekye aliiangalia labda mara arobaini. Ilimalizika kwa makasi makubwa ya fundi yakilikata koti la mwanamume juu ya meza, na uso wa mke hauonekani, ni mikono tu. Mikono ile ilijua kushika makasi. Kalekye hakuhitaji kuona zaidi.

Filamu ingeonyeshwa Nairobi wiki moja ya Januari. Wacuka akavuka barabara. Mathenge anaenda kuchukua mabati, akasema, na kwenye gari mbele kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi, na tiketi atalipa yeye, kwa sababu kama si orodha ya Mama Kivuva hangejua hata kuna filamu kama hiyo. Je, atakubali waende pamoja?

Hebu fikiria. Miaka yote hiyo ya kuziandika, na sasa sinema yenyewe inakuja kumbishia mlango. Na Kalekye akajibu, bila kuinua macho, kwamba shule zinafunguliwa, ana sare thelathini na nne za kushona, na hana wakati wa mambo ya kuzurura. Sare zilikuwepo kweli, lakini sizo zilizojibu. Alitaka Wacuka aende peke yake, aketi gizani peke yake, arudi bila mtu wa kuongea naye. Wacuka akasema pole, akarudi kwake. Jioni nafasi ile ilikuwa ya Mutindi.

Na Mutindi, ambaye hakujua lolote kuhusu yaliyotangulia, alileta gauni lake la kanisani lifupishwe. La kwendea sinema. Kalekye ndiye alishone.

Alikuja siku ya soko, akavua viatu, akaketi palepale pake, furaha imemjaa kama msichana. Alisema mengi. Kwamba Wacuka amemwambia viti ni vya kulala, kwamba atabeba sweta kwa sababu huko ndani kuna baridi, kwamba hajawahi kuvuka Machakos kwa jambo lisilo la hospitali. Kila alipotaja jina la Wacuka, Kalekye alikanyaga pedali kwa nguvu. Walikuwa wawili tu. Pindo lilikuwa limefika nusu.

"Anakufa," Kalekye akasema.

"Nani?"

"Mume. Kwenye hiyo muvi yenu. Harudi. Mke analikata koti lake amkatie kijana wake. Nimeshona miaka thelathini, sijaona mke akileta koti la mume aliye hai likatwe."

Ilikuwa kweli kwamba makoti kama hayo yalimfikia daima baada ya mazishi. La marehemu mumewe Nzomo alilikata mwenyewe, kwa cherehani hiihii, ili mwanawe Kivuva apate la kuvaa shuleni. Hakukisia. Kwa maoni yake alikuwa anajua.

Mutindi alitazama cherehani, akaona pindo halijaisha. Alisimama, akavivaa viatu vyake pole pole, akalivuta gauni kutoka chini ya sindano, akaondoka nalo likining'inia nyuzi upande mmoja. Alisema tu, "Sawa, mwaitu," yaani mama, kwa sauti ya mtu anayeaga mgonjwa.

Siku waliyosafiri, Kalekye alishona sare tatu na zote zikawa na kasoro. Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Alijiambia kwamba amesema ukweli tu, na ukweli haumwibii mtu kitu. Lakini alijua vizuri alichoiba. Mutindi alikuwa ameenda sinema mara moja maishani mwake, na kwa hakika hatakwenda tena, na alikuwa ameketi mle gizani mwisho tayari uko mfukoni. Kwa miaka kumi na tisa Kalekye ndiye aliyemlinda dhidi ya jambo hilo. Viatu vya zambarau havikuonekana mlangoni pake, na havikuonekana saluni pia, na cha aibu ni kwamba hilo la pili lilimpa nafuu kidogo.

Siku ya soko iliyofuata duka lilikuwa na wateja wawili. Mzee Muthama alikuwa anangojea suruali, na mwalimu Beth alikuwa ameleta sare ya mtoto ibadilishwe vifungo. Mutindi akaingia. Akavua viatu. Akamwekea Kalekye gauni mezani, lile lile, nusu ya pindo bado ni pini na nyuzi.

"Lilienda hivyo hivyo?" Kalekye akauliza.

"Lilienda hivyo. Kule ni giza, nani ataona."

Kisha akaketi, akawageukia wateja, akaanza kuwasimulia *Unga wa Njano*.

Kalekye alidhani atavumilia. Alikuwa amejiandaa kusikia filamu ikiharibiwa, maana Mutindi hakuwa msimulizi. Lakini kumbe mtu hawezi kusikiliza miaka kumi na tisa bila kujifunza. Mutindi alisimulia kwa utaratibu, akinyamaza pale panapohitaji kunyamaza. Alisimulia jinsi yule mke alivyopepeta ungo mtupu majirani wasikie, wasijue ndani hakuna kitu. Mzee Muthama, aliyeuona mwaka ule kwa macho yake, alivua kofia akaiweka gotini. Mwalimu Beth alisahau vifungo. Na Kalekye, mguu umesimama kwenye pedali, aliona wivu mpya kabisa, wa kuona mtu anafanya kazi yako na anaifanya kukushinda.

Simulizi ikafika kwenye meza, makasi na koti. Hapo Mutindi akanyamaza.

"Mwisho muulizeni Mama Kivuva," akasema. "Yeye anaujua. Aliniambia kabla niende."

Wote wawili wakamgeukia. Kalekye angeweza kusema anakufa, na wangemwamini, maana ana jicho. Alitazama gauni lenye nusu pindo mikononi mwake.

"Siujui," akasema. "Sijaiona hiyo muvi. Mutindi, nilikuambia vile kwa sababu ya wivu. Wacuka aliniita mimi kwanza, nikakataa, halafu ukaenda wewe, nikashindwa kuvumilia."

Mzee Muthama alianza kuikagua kofia yake. Mutindi akaelekeza kidole kwenye cherehani.

"Maliza pindo kwanza."

Kwa hiyo Kalekye akamaliza pindo mbele yao, na haikuwa kazi ndogo, kwa sababu macho yalikuwa yamejaa maji. Alikata uzi. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu afungue duka lile. Alitoka nyuma ya cherehani, akaenda kuketi kwenye benchi la wateja.

"Haya," akasema. "Niambie."

"Anarudi," Mutindi akasema. "Anarudi amekonda mpaka koti lake linamzunguka kama gunia. Watu wanamcheka njiani. Mke anamvua, analiweka kwa meza, anachukua makasi, analipunguza limtoshe. Alikuwa anamshonea yeye mwenyewe."

Mzee Muthama akarudisha kofia kichwani. Kalekye akafikiria koti moja alilowahi kulikata, na mtu ambaye hakurudi kupimwa.

"Mshono ulikuwa sawa?" akauliza mwishowe.

"Ulipinda. Alikuwa analia akishona."

"Na wewe ulilia?"

"Toka mwanzo. Mimi nilijua anakufa. Kila akicheka, nalia. Mpaka ile dakika anatokea kwa mlango, nikapiga nduru sinema nzima ikageuka. Hakuna mwingine mle ndani aliyefurahi kama mimi."

Kalekye akaangalia ng'ambo ya barabara, kulikokuwa na runinga kubwa na sauti juu.

"Na Wacuka?"

"Alilia sana. Nilimshika mkono."

Ule wivu ukamchoma tena palepale, kana kwamba hakuna kilichosemwa. Kalekye aliumeza, akamsogelea Mutindi kwenye benchi mpaka mabega yakagusana, akamwambia aanze tena tangu mwanzo.