Redio Iliyomeza "Ha"

Watu wa Mbulu wana mdomo, lakini mdomo wa Emerensiana Margwe ulikuwa na miguu. Ulifika mahali kabla ya mwenyewe. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoleta magari kumi na saba jikoni kwake mchana kweupe.

Mama huyu alifika kwenye kambi ya mahema kule Serengeti akiwa na vitu viwili: sanduku la bati la marehemu mumewe, na mkono wa kuoka mkate. Sanduku lilikuwa la kutunzia nguo. Yeye alilikalisha juu ya makaa, akamwaga makaa mengine juu ya kifuniko, na mkate uliotoka humo uliumuka kwa kiburi hata ukanyanyua kifuniko na makaa yake ukachungulia nje kuuliza chai iko wapi. Kwa mkate huo alitoka kufua mashuka akawa kaimu mpishi mkuu. Kaimu, sikieni vizuri. Miaka miwili alikuwa kaimu, kama mchumba asiyeposwa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Watu wenye nyumba za matofali kwao, zenye paa lisilovuja, walipanda ndege siku nzima ili waje kulala chini ya turubai. Kule Mbulu mtu akionekana analala chini ya turubai, majirani huleta unga na kuuliza nyumba iliungua lini. Hawa walishukuru. Waliogeshwa kwa ndoo iliyoning'inizwa mtini, wakatoka na taulo wakaipiga picha ndoo. Walivaa nguo za rangi ya vumbi ili wanyama wasiwaone, kisha wakasimama kwenye gari lenye paa wazi, wakapiga kelele. Na punda milia! Mjomba wake Emerensiana alizoea kuwafukuza punda milia kwenye maharage kwa debe na laana. Hawa waliwatazama wakalia machozi.

"Waache walie, shemeji," dereva Lazaro alimwambia siku moja. Lazaro alikuwa ameoa mdogo wake Emerensiana, kwa hiyo utani kwao ulikuwa haki ya ndoa. "Machozi yao ndiyo yanayotununulia sukari."

"Na wewe ukitazama punda hulii?"

"Mimi nikitaka kulia namtazama mdogo wako akinikasirikia."

Mkubwa wa kambi alikuwa Bwana Gaudensi. Huyo bwana alikuwa na sharubu, jamani. Alizipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, akazisokota mpaka ncha zikapinda juu kama pembe za nyati, na siku za upepo ilibidi apite mlango wa hema kiubavu. Watu wa jikoni wakamwita Sharubu. Si mbele yake! Mbele yake alikuwa bosi. Nyuma yake tu, kama jina lilivyozoea.

Sasa tabu ikaja hapa. Madereva nao walikuwa na Sharubu wao. Ilikuwa desturi yao kutomtaja simba kwa jina lake redioni, kwa sababu neno la kwanza la Kiswahili mgeni yeyote analolijua ni simba. Dereva akisikika anasema simba yuko mbali, kule mtoni, mgeni hurukaruka kwenye kiti na kudai apelekwe sasa hivi, na wakifika simba ameondoka, lawama za dereva. Kwa hiyo chui wakamwita Madoa, na simba wakamwita Sharubu. Kambi moja, Sharubu wawili: mmoja wa manyoya, mmoja wa mshahara.

Na redio ilikuwa wapi? Jikoni, kwenye betri ya umeme wa jua, pembeni ya gunia la vitunguu. Ilikuwa redio ya upepo ya zamani, yenye kitufe. Kubonyeza kitufe, kuvuta pumzi, ndipo kusema. Ukiwahi kusema kabla kitufe hakijashika, redio inameza mwanzo wa maneno yako. Kwa watu wengine labda si neno. Lakini Kiswahili chetu kimeweka kukataa kote mwanzoni. Kikate kichwa, "hapana" yako imegeuka "ndiyo".

Emerensiana alielezwa hivyo mara ishirini.

"Mimi siombi ruhusa kwa sufuria ndipo niongee nayo," alijibu, "nije kuiomba kwa hiki kibuyu cha plastiki?"

Mwezi wa kwanza alitangaza, "Hakuna chumvi!" Gari lililokuwa mjini likasikia, "…kuna chumvi!" Likarudi na kila kitu isipokuwa chumvi. Siku kumi wageni walikula chakula kilichopooza, wakaandika kwamba Waafrika wanajali sana afya ya moyo.

Basi, wakaja wageni sita wa siku nne. Kiongozi wao alikuwa bibi wa Kijerumani aitwaye Hildegadi, mrefu, mkavu, mwenye daftari la orodha ya wanyama na kalamu iliyofungwa kamba shingoni. Kila mnyama aliyeonekana alitiwa alama. Siku ya kwanza walitiwa alama tembo, twiga na nyati. Siku ya pili kiboko. Siku ya tatu hata mende wa mavi alipata alama yake. Mstari mmoja ulibaki mtupu: simba.

Simba walikuwa wamekwenda wapi? Wengine wanasema harusini. Siku tatu Lazaro alizunguka mpaka vifaru wakaanza kumsalimia, na hakuona hata mkia. Jioni za mahemani zikawa za matanga. Wageni walikula bila kusemezana, wakaenda kulala na viatu vyao vya kuogopea nge. Kila asubuhi Bi. Hildegadi alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Gaudensi na daftari lake, akaweka kidole kwenye ule mstari mtupu kama hakimu.

Asubuhi ya siku ya nne Bwana Gaudensi aliingia jikoni akifunga mlango wa turubai, kama kwamba turubai linazuia maneno.

"Mama Emerensiana, leo mchana wanakula, wanaandika kitabu cha wageni, wanaondoka. Ofisi Arusha wanataka kujua habari ya jiko hili."

"Habari yake nzuri, bosi. Linawaka."

"Acha masihara. Kuna mpishi amesomea hotelini, ana kofia nyeupe ndefu namna hii. Leo anapanda gari kuja. Kitabu kikisema vizuri, gari litasimamishwa, nawe si kaimu tena. Kikinuna, unarudi kwenye mashuka."

"Bosi! Simba hawajaonekana, mkate wangu una kosa gani?"

"Mgeni mwenye kinyongo hata asali anaiona shubiri." Akasokota ncha moja ya sharubu. "Halafu nina jambo jingine. Yule bibi akinitafuta leo, mimi sipo. Mtu yeyote akiuliza, sipo, sijalala hapa, sijala hapa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi. Hupo hata sasa."

Bwana Gaudensi akachukua paja moja la mbuzi kati ya mawili yaliyochomwa kwa ajili ya chakula cha mchana, akaenda nalo chini ya mgunga nyuma ya jiko, ambako kulikuwa na kitanda cha kukunja. Baada ya nusu saa paja lilikuwa mfupa, shati lilikuwa wazi, tumbo lilikuwa jua la pili, na mkoromo wake uliangusha maua ya mgunga.

Emerensiana akaukanda unga wa mkate wake wa mwisho, labda wa mwisho kabisa, huku akiiona ile kofia nyeupe ikimjia njiani, imekaa kiti cha mbele na kufunga mkanda. Ndipo redio ikakohoa. Alikuwa Lazaro, kule nyikani na wageni wake, sauti imechoka, akiuliza wenzake wote wa mitaa ile.

"Jamani, nani anajua Sharubu alipo? Nambieni, nitaharibikiwa mimi."

Alimtaka wa manyoya. Lakini Emerensiana masikioni mwake alikuwa na agizo bichi la yule wa mshahara. Akajua tu: bibi wa daftari anamsaka bosi! Akairukia redio na mikono ya unga, na mdomo, kama kawaida, ukatangulia.

"Hakuna Sharubu hapa!" alisema. Akaachia kitufe, akabonyeza tena. "Hajalala hapa!" Akaachia, akabonyeza. "Hajala hapa!"

Na redio ikasema kwa mbuga nzima: "…kuna Sharubu hapa! …lala hapa! …la hapa!"

Kisha sauti za madereva zikagombana kama kunguru kwenye jalala.

"Kambini? Amelala?"

"Na amekula! Aliyeshiba hatoroki, kaza mwendo!"

"Shemeji, Mungu akubariki!" Lazaro akalia.

Emerensiana akatikisa kichwa. Watu hawa, kuambiwa hapana na kushukuru! Wastaarabu kweli. Akarudi kwenye unga wake.

Vumbi lililokuja, mpaka leo kuna mbuni hawajamaliza kulipiga chafya. Magari kumi na saba yaliingia kambini kwa unyenyekevu, injini zikinong'ona, paa wazi, kamera ndefu kama mitutu. Yakaupita mlango wa jiko, yakauzunguka mgunga, yakazima. Na hapo, kwenye kitanda cha kukunja, wakamkuta.

Kisha Bwana Gaudensi akafumbua jicho moja. Akaona vioo vya kamera. Akafumbua la pili. Akaona vingine. Akavuta shati, shati likakataa kukutana na mwenzake.

"Lazaro," alisema polepole, "hii ni nini?"

"Bosi… tumeambiwa kuna Sharubu."

"Sharubu ndiye nani?"

Madereva kumi na saba wakaanza kuchunguza kucha zao. Lazaro ndiye aliyejibu.

"Ni… ni simba, bosi. Sharubu ni simba."

Neno likadondoka katikati ya wageni, neno pekee walilolijua. Bi. Hildegadi akamtazama bwana yule, zile sharubu zilizochanuka pande mbili, lile tumbo, ule mfupa pembeni. Midomo yake mikavu ikatetemeka. Kisha akacheka. Alicheka kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa tangu mavuno ya babu yake.

"Simba!" akasema.

"Simba! Simba!" magari yote yakaitikia.

Jikoni, wakati huohuo, Emerensiana alisikia kitu kikipumua nyuma yake. Akageuka. Wa manyoya alikuwa amekuja. Vumbi na injini zilikuwa zimemwamsha kichakani nyuma ya kamba za nguo, akapita kwenye mashuka, na shuka moja jeupe lilikuwa limemkalia begani kama mzee anayekwenda kanisani. Aliingia bila hodi. Akanusa vitunguu, akavidharau. Akalitazama paja la pili la mbuzi kwa heshima.

Emerensiana alikuwa tayari chini ya meza na redio kifuani. Akanong'ona kwa nguvu zote alizobakiwa nazo: "Siyo bosi, ni simba!"

Redio zote kumi na saba zikatangaza: "…bosi, ni simba!"

Kicheko kilipasuka, hata magari yakayumba.

"Tunaye hapa, Mama, tunamwona!" dereva mmoja akajibu.

"Hamjanielewa!"

"…nielewa!"

"Tumekuelewa, Mama, tumekuelewa sana!"

Bwana Gaudensi hakuwa mjinga. Aliona meno ya Bi. Hildegadi, ambayo siku nne hayakuwa yameonekana, akakumbuka kitabu. Akasimama juu ya kitanda, akazisokota sharubu pande zote mbili, akapanua kifua, akanguruma.

Mle jikoni simba aliinua kichwa, akasikiliza. Akaona ni sauti ya mtu aliyekula cha wenzake, hakuna la kuogopa. Akalibeba paja. Akafika mlangoni, akarudi. Akasukuma makaa kwa ukucha, akafungua sanduku la bati, akautoa mkate wa jana uliowekwa upate moto. Wapo wanaoapa kwamba aliupuliza kwanza. Kisha akaondoka na shuka lake, akapita nyuma ya watu mia moja waliovuka bahari kuja kumwona, na hata mmoja hakugeuza shingo.

Chakula cha mchana kilikuwa maharage, na mkate mpya uliochelewa. Bwana Gaudensi, bado amevimba kwa kupigwa picha, alimwita Emerensiana pembeni ya meza ya wageni.

"Paja la pili liko wapi?"

"Limeliwa na simba, bosi."

Akakunja uso. "Maneno gani hayo ya kunisema mbele ya wageni? Nilikula moja tu!"

Lazaro aligeuka akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Kitabu kikaletwa. Bi. Hildegadi aliandika, kisha akafungua daftari lake na kutia alama kwenye mstari uliobaki, alama kubwa, yenye sharubu mbili. Lazaro akamtafsiria shemeji yake yaliyoandikwa: "Siku tatu tulitafuta simba. Siku ya nne tulimpata kitandani. Kila kitu katika safari hii kilijificha, isipokuwa mkate. Huo ulikuwa mahali pake kila siku."

"Hapo wamesema vizuri au vibaya?" Emerensiana aliuliza, mkono kwenye moyo.

"Vizuri, shemeji. Hata huko kwao vizuri ni hivyohivyo."

Lakini hawajamaliza kupeana mikono, redio ikakohoa tena. Ilikuwa ofisi ya Arusha. Bwana Gaudensi alikuwa nje akinguruma mara ya tano, maana gari la kumi na mbili halikupata picha nzuri.

"Kambi, kambi, mnasikia? Mpishi wa kofia amekaa garini, dereva ameshika ufunguo. Jibuni haraka: huko kuna haja ya mpishi?"

Emerensiana akaitazama redio. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, ule mdomo wenye miguu. Akaufunga kwa mkono mzima wenye unga. Kwa mkono wa pili akabonyeza kitufe. Akavuta pumzi. Akahesabu moja, akahesabu mbili, akaongeza ya tatu kwa ajili ya marehemu mumewe, ndipo akaondoa mkono mdomoni.

"Haaaaaaakuna," alisema.

Ile "ha" ilikuwa ndefu hata Arusha walimaliza chai wakiwa bado wanaisikiliza, na dereva mwenyewe akachomoa ufunguo, akamfungulia mpishi mlango ateremke na kofia yake. Kule Serengeti wanasema bado inazunguka. Upepo ukipita kwenye mgunga ule, utaisikia: haaaaa. Wageni huuliza ni mnyama gani huyo, na madereva huwaambia wamtie alama.