Kipande cha Samaki Kilichobaki

Nilipomaliza darasa la nane nilipata kazi ya kufua bendeji katika hospitali ya misheni hapa Ifakara. Nilizifua vizuri, sina aibu kusema, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye chumba cha dawa, kwenye zile chupa za rangi ya kahawia na mizani midogo. Niliota nachanganya dawa ya kikohozi nimevaa koti jeupe. Katika ndoto hiyo hata kalamu ya mfukoni nilikuwa nayo.

Masika yale mzee aliyesimamia chumba hicho alikubali kunichukua nijifunze kazi, ila kwanza nijibu hesabu yake. Jumamosi alinijaribu.

“Una haidrojeni gramu nne, na oksijeni gramu ishirini na nne. Ukiziunguza pamoja upate maji, ipi itatangulia kuisha?”

“Haidrojeni,” nikajibu upesi. “Si ndiyo kidogo?”

Mzee akavua miwani. “Mwanangu, nilikwambia gramu moja ya haidrojeni inataka gramu nane za oksijeni. Wewe umetazama tu nani mdogo. Kafikiri. Ukinijibu hivi Jumatatu, utabaki na bendeji zako.”

Nilirudi Lipangalala nimenyong’onyea. Huko nilikaa na bibi yangu, ambaye kama bibi wote wa kwetu aliniita mume wake na kunitania apendavyo.

“Mume gani huyu ananuna mbele ya perege?” akasema akitenga chakula. “Au umeona mke mwingine hospitalini?”

Mafuriko yalikuwa yamefunga njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga, kwa hiyo unga ulikuwa haba, lakini samaki wa kukaushwa kwa moshi walikuwapo. Akatenga vipande vinne na kaugali kadogo. Bibi alikuwa na sheria yake: kipande kimoja, matonge manane. Samaki mtupu, alisema, ni chakula cha paka. Sheria hiyo nilikua nayo wala sikuwahi kuiwazia.

Tukala. Kwa kuwa nilikuwa na hesabu kichwani, nikajikuta nahesabu matonge, yangu na yake. Tulipofika ishirini na nne ugali ukaisha. Kwenye sahani kikabaki kipande kimoja.

“Bibi,” nikasema, “samaki walikuwa vipande vinne tu.”

“Naona.”

“Na matonge ishirini na manne. Mbona kilichoisha ni ugali?”

“Kwa sababu vipande vinne vinataka matonge thelathini na mawili, na mimi unga wa kufika huko sikuwa nao. Hospitali wanawafundisha nini?”

Nikacheka mpaka nikapaliwa, naye akanipiga mgongoni bila kujua kinachonichekesha. Kile kipande nikamfunikia, maana nilijua anapenda perege kuliko ninavyopenda mimi.

Jumatatu mzee akabadilisha namba, haidrojeni tatu, oksijeni kumi na sita. Nikafumba macho nikaiona sahani yetu.

“Oksijeni inatangulia kuisha. Inachukua haidrojeni gramu mbili, yanatoka maji gramu kumi na nane. Haidrojeni gramu moja inabaki.”

“Inabaki inafanya nini?”

“Inangoja oksijeni nyingine, mzee, kama samaki anayengoja ugali.”

Akavua miwani tena. Nilidhani nimejiharibia. Kisha akaanza kucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika, akanionyesha msumari ukutani. Hapo lilining’inia koti, limefifia, kifungo kimoja hakipo.

“Kesho uje mapema,” akasema.

Adhuhuri nikakaa kizingitini pa chumba cha dawa nikafungua chakula alichonifungia bibi kwenye jani la mgomba. Kilikuwamo kile kipande cha perege nilichomfunikia. Pembeni yake ulikuwamo ugali wa mahindi aliyoyatwanga mwenyewe alfajiri, keshaumega tayari. Nikahesabu matonge. Yalikuwa manane.