Lugha Kumi na Moja za Kusema Jambo

Kule Mulekera, mtaa wetu wa Beni, nilijulikana kama mutu wa ndani. Hata kuku wetu walitoka nje zaidi kuliko mimi. Baada ya diploma ya sekondari nilibaki kwa tantine, mdogo wa mama, aliyenilea, na kazi yangu ilikuwa kuchunga nyumba ambayo hakuna mwizi aliyeitamani. Nilikuwa na kompyuta ya zamani, inayozimika ukigusa waya, na humo nikajifunza kuandika programu.

Kujifunza ni neno kubwa. Kila lugha ya kompyuta ina somo la kwanza lile lile: unaandika mistari michache, mashine inasalimia dunia. Somo la pili ni hesabu. Mimi nikifika kwenye hesabu nafunga, nahamia lugha nyingine, naanza tena na salamu. Python ilisalimia kwa mstari mmoja. Java ilidai maneno mengi kabla ya kufungua mdomo, kama mchungaji mgeni. C ilikasirika kwa ajili ya nukta mkato tu niliyoisahau. Mwishowe nilikuwa na lugha kumi na moja, na zote ziliandika kitu kimoja kwenye kioo: Jambo dunia.

"Na dunia inajibuka?" tantine aliuliza siku moja, akichambua maharagi.

"Hapana, tantine. Mashine inasema, inamaliza."

"Mutu anasalimia, hangoje jibu, anajiendea. Huku kwetu ule tunamuitaka mwenye kiburi."

Nikaona nitetee heshima yangu. "Tantine, miye najua lugha kumi na moja."

Kwa Kifaransa lugha ya watu ina neno lake, na ya mashine ina lake. Kwetu ni lugha tu. Tantine alikuwa na rafiki wa mikutano ya wamama wa kanisa, msimamizi wa nyumba ya wageni kule Butembo. Pale wanafikia walimu, askari na wafanyakazi wa Serikali wanaotumwa toka majimbo mengine, na alikuwa anatafuta mtu wa mapokezi anayejua lugha nyingi. Niliposikia habari, tantine alikuwa amekwisha kupiga simu.

"Tantine, ni lugha za mashine."

"Mashine ya nani? Lugha ni lugha. Nimemuambia ni mutoto yangu, haongopake. Jina langu ndiyo liko pale. Usinitie haya."

Kwetu mtu akisema anasafiri, hatuulizi anakwenda kufanya nini. Tunauliza barabara iko namna gani leo. Nami niliuliza kila asubuhi, nikitumaini wataniambia imefungwa. Ifungwe kwa matope tu, mtu asiumie. Barabara ilikuwa wazi. Nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa, macho nimefumba mpaka Butembo.

Mama msimamizi alinipokea kwa upole, na upole ndio uliniogopesha zaidi.

"Donc, basi, kumi na moja?"

"Kumi na moja, mama. Mais, lakini ni za..."

Mlango ukafunguka. Akaingia mke wa mwalimu mmoja aliyehamishwa kutoka Kasai, sanduku mkononi.

"Musalimie," mama msimamizi akaniambia.

Kwa bahati mbaya nilijua neno moja la Kiluba, la salamu, nililookota kwa jirani, mke wa askari. "Moyo, mamu," nikasema.

Uso wa yule mama ukafunguka. Akaweka sanduku chini, akanimwagia Kiluba kama mvua kwenye mabati. Nadhani aliuliza chumba, au maji, au kwetu ni wapi. Nilikuwa nimetoa mstari wangu, nimemaliza.

Nikafungua kompyuta nikaonyesha salamu zangu zote, moja baada ya nyingine. Mama msimamizi alisoma polepole, akihesabu kwa kidole.

"Hii yote ni Kiswahili."

"Maneno ndiyo Kiswahili, mama. Lugha ni ile iko chini, ile mashine inasoma."

Mama msimamizi alichukua simu, akampigia tantine, sauti ikasikika chumba kizima.

"Dada, mutoto amefika."

"Mungu asifiwe. Anasema muzuri?"

"Anasalimia muzuri. Mais lugha zake ni za kompyuta. Bageni yangu ni batu."

Kwenye simu nilisikia kuku wetu wakilia kule Beni.

"Donc nimekudanganya," tantine akasema, sauti imeshuka. Sijawahi kumsikia hivyo, na nilitamani sakafu inimeze, mimi na lugha zangu.

Mama msimamizi alinitazama, akasema kwenye simu. "Ulisema kumi na moja. Nimehesabu miye mwenyewe, ziko kumi na moja. Haukunidanganya, dada."

Tantine akavuta pumzi ndefu. "Basi umupe chai, umurudishe mbele ya mvua kuanguka. Avae koti. Ule hata upepo unamushindaka."

Kazi sikuipata, na naona aibu kusema nilivyofurahi. Nilibeba sanduku la yule mama mpaka chumbani. Akanishukuru kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akauliza juu ya nini sikusema tangu mwanzo.

Jumapili tantine alifunga kitambaa chake kikubwa cha kichwa, akapita katikati ya kanisa polepole, kichwa juu, jina lake safi, akakaa benchi ya mbele pamoja na wamama wenzake.