Mgeni Aliyekuja Kupima Kelele

Kiwanda chetu cha korosho pale Newala kililala miaka mingi, kikilindwa na popo. Soko huria lilipoingia akapatikana tajiri wa kukiamsha, na kweli kiliamka. Mashine za kubangua zilinguruma kutwa nzima. Zikikwama, na hazikuchoka kukwama, fundi alizigonga kwa nyundo mpaka meno yakatuuma.

Aliyekaa karibu na nyundo hiyo ni mama yangu mkubwa. Masikio yake yakaanza kuziba kidogo kidogo. Kilichomuumiza zaidi ni salamu: watoto wa jirani wakimwamkia alipita kimya, na mtaani wakasema mama yule siku hizi anaringa. Basi akajitafutia dawa. Akiona yeyote aliye mdogo kwake anachezesha midomo, anajibu, "Marahaba."

Nikaenda kwa meneja kuomba ahamishiwe chumba cha kuchambua korosho, kwenye utulivu.

"Ataletwa mtaalamu apime," akasema. "Kelele zikizidi kiwango, atahama. Zisipozidi, atabaki palepale."

Nikashukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mgeni akaja kutoka Dar es Salaam. Akambania mama mkubwa kijidude begani, karibu na sikio, kikae hapo mpaka jioni kisikie anachosikia yeye. Mpango mzuri, ila ulisahau kwamba sisi tumelelewa. Mgeni kwetu haamkiwi huku mashine zinanguruma. Kila alipoingia, mashine zilizimwa, akaulizwa hali, safari, wazazi aliowaacha, na vumbi la njia ya Masasi. Akitoka kunywa maji na kurudi, zinazimwa tena, maswali yanaanza upya. Fundi alificha nyundo mgongoni, kwa heshima. Mtaalamu alifurahi, akasema hajapata kuona kiwanda chenye watu waungwana hivi. Nilipowaambia wenzangu wawashe, wakaniuliza kama kwetu hatukufundwa. Nilitamani kulia kwa hasira.

Jioni akasoma majibu: kelele hazijazidi.

"Na nyundo?" nikamuuliza, maana fundi aligonga kila mgeni alipotoka.

"Imo. Lakini sisi tunachukua wastani."

Yaani kila kishindo kiligawiwa kwenye ule ukimya wetu wa adabu, mpaka hakikubaki kitu. Nikamwambia nyundo haiingii sikioni kwa wastani, inaingia yenyewe, nzima. Alitazama saa. Gari lilikuwa linamsubiri.

Lakini alikuwa kijana mwema. Kabla ya kuondoka alimfuata mama mkubwa, akamtoa kile kijidude begani, akainama kidogo.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Masikio yako ni salama. Utaendelea kukaa palepale."

Mama mkubwa aliitazama midomo yake mpaka ikatulia, akatabasamu.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Karibu tena."